Fulana za Pokuaa

Fulana ya kwanza ilipotoka kwenye mashine ya pasi, Dufie aliichuna karatasi ya picha kuanzia kona, kama siku zote, na chini yake akakuta kitu alichokifuta asubuhi: alama nyeusi chini ya jicho la marehemu.

Wino umevuja, alijiambia. Katika kazi ya kubandika picha kwenye nguo, wino hubebeshwa lawama nyingi. Akarudi kwenye kompyuta iliyokaa mezani kati ya sufuria na redio, akaikuza picha. Shavu lilikuwa safi, kama alivyotaka mteja.

Mteja mwenyewe alikuwa Bwana Adarkwa, muuza vipuri wa mtaa wa Suame, mtu wa sauti ya upole na viatu vya kung'aa, mume wa marehemu. Alileta kitambulisho cha taifa cha mkewe Pokuaa kwa sababu, alisema, picha nyingine zote zimeungua. Siku ya kupigwa picha ile, afisa wa vitambulisho alimwamuru Pokuaa avue miwani ya jua, kwa mujibu wa kanuni, na asitabasamu, kwa mujibu wa kanuni. Na hivyo serikali, ambayo haikuwahi kumwona mtu akipigwa mtaani kwao, ikalipiga picha jicho lililovimba na kulifunika kwa plastiki lisichakae.

"Alianguka bafuni," Adarkwa alisema kabla hajaulizwa. "Ifute hiyo, dada. Na fulana ziwe nyeupe."

"Nyeupe?"

Mji wa Kumasi huzika kwa nyekundu na nyeusi. Nyeupe huvaliwa kumshukuru Mungu kwa bibi aliyeona vitukuu, na Pokuaa alikufa akiwa na miaka thelathini na minne.

"Alilala, hakuamka. Amani tupu. Ukoo wake umekubali."

Ukoo ndio wenye maiti. Mume ni mtu aliyenunua jeneza. Dufie alijua kwamba hakuna ukoo wa Waasante ambao ungekubali nyeupe kwa kifo kama hicho bila kuuliza maswali. Aliyajua hayo yote, akanyamaza, akafuta jeraha.

Sasa akachapa karatasi nyingine, uso ukiwa umegeuzwa kama inavyotakiwa, ili ukibandikwa ukae sawa. Akaibana chini ya pasi. Chumba kikajaa harufu, si ile ya gundi aliyoizoea, bali ya mafuta ya shea na nywele zinazoungua. Alipoichuna, karatasi ilitoa pumzi, kama mtu anayebanduliwa plasta kwenye kidonda kibichi. Alama ilikuwepo, pana zaidi.

Akafuta tena kwenye kompyuta, safari hii shavu zima. Jicho lake mwenyewe la kushoto likaanza kuwasha.

Mchana alitoka kununua kenkey, donge la unga wa mahindi, kwa jirani yake Esi, ambaye hakuwahi kuuza kitu bila kutia neno.

"Hee. Umeolewa lini, mwenzangu? Mbona hatukualikwa?"

"Nani kaolewa?"

"Jicho hilo ni la mwanamke mwenye mume," Esi alisema, kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikamkauka. "Dufie. Nani kakupiga?"

Dufie alirudi ndani akajitazama kwenye kioo. Chini ya jicho palikuwa na weusi wa umbo lile lile, na alipoliziba jicho la kulia kwa kiganja, chumba kikawa moshi. Mtu wa kazi yake akikosa macho amekosa mikono, na hakuwa na mume wala kaka wa kumlisha. Akaketi kwenye kompyuta kwa pupa, akafuta, akabana, akachuna, akafuta tena, na kila alipofuta uvimbe wake ulipanda, na kila fulana iliyotoka ilikuwa na jeraha kubwa kuliko ile iliyotangulia, na pasi ikaanza kushuka yenyewe kabla hajaigusa, ikibana hewa tupu na kutoa sauti kama mtu anayeomba asipigwe tena, taratibu, kwa adabu, kama wanavyoomba waliokwisha kujua kwamba majirani wanasikia na hawatakuja.

Esi ndiye aliyekwenda kumleta Nana Birago, mganga wa mtaa wa nyuma. Bibi huyo alifika na unyoya mmoja na kiti chake mwenyewe, kwa kuwa hakuamini viti vya watu. Akanusa fulana, akaitazama pasi.

"Mfukuze, Nana," Dufie alinong'ona. "Nakuomba. Jicho linakufa."

"Nimfukuze nani?"

"Mzimu."

"Mwanangu, huyu hafukuziki. Huyu ni mteja." Nana Birago aliuweka unyoya chini. "Sura ni ya nani?"

"Yake."

"Na wewe umepokea maagizo ya nani?"

Dufie aliinamisha macho kwenye fulana.

"Alipokuwa hai walimwambia afiche. Akavaa miwani. Amekufa, na wewe unamvisha nyingine. Mpe uso wake, naye atakupa wako."

"Adarkwa akiona ataniua."

"Kama ataona," alisema bibi, akabeba kiti chake.

Dufie aliirudisha picha ya kitambulisho kama ilivyokuwa. Pasi ilishuka kwa upole. Fulana zikatoka moja baada ya nyingine, jeraha limekaa mahali pake, na weupe wa kitambaa haukuficha kitu. Alipomaliza ya mwisho alikuwa anaona kwa macho yote mawili.

Adarkwa alipokuja kuchukua mzigo, Dufie alisimama karibu na mlango wa nyuma. Mwanamume akaikunjua fulana ya juu, akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole pale pale kwenye jeraha.

"Kazi safi," alisema. "Uso laini kabisa. Nilijua wewe ni mtu wa kuaminika."

Jumamosi, siku ya mazishi, akaivaa. Akapita kwenye safu za viti kuwasalimia waombolezaji, kifua mbele, na hakuelewa kwa nini wazee wa ukoo wa Pokuaa walimwangalia kifuani badala ya usoni, wala kwa nini mjomba wa marehemu, alipomshika mkono, hakuuachia. Walimuuliza jicho lile lilipatwa na nini. Akasema bafuni. Wanawake waliovaa fulana zile nyeupe wakajitazama vifuani, kisha wakatazamana. Hakuna aliyepiga kelele. Ukoo ukauchukua mwili wa Pokuaa, ukaahirisha mazishi, ukaenda polisi, ambako waliambiwa waandike malalamiko na warudi Jumatatu, kwa kuwa mwenye ufunguo wa kabati la malalamiko alikuwa msibani.

Jumapili jioni Adarkwa alibisha kwa Dufie. Viatu vilikuwa na vumbi. Alikuwa amejifunika shuka mabegani.

"Niliivua," alisema kwa sauti ndogo. "Naapa, niliivua jana ile ile."

Akaachia shuka. Fulana haikuwepo. Uso wa Pokuaa ulikuwepo, kwenye ngozi ya kifua, umekaa sawa bila mkunjo, na jicho lake lisilovimba lilikuwa likimtazama Adarkwa kutoka chini ya kidevu chake.

"Ananong'ona nikilala. Itoe, dada. Wewe uliibandika, wewe unajua inavyotoka."

Dufie alijua. Akamweleza polepole, kama anavyowaeleza wateja wote: kilichobandikwa kwa moto hutoka kwa moto. Hupashwa tena mpaka gundi ilegee, kisha huchunwa kabla hakijapoa, kwa mkupuo mmoja, na huondoka na kile kilichokishika.

Adarkwa aliinama akajitazama. Kifuani kwake midomo ilikuwa ikicheza.

"Pasi," akauliza, "imeshapata moto?"