Sheria ya Kitabu Kilichofunguliwa

Nyumbani kwa kina Nduta, mtaani Kibomet, kulikuwa na sheria moja: mtoto aliyefungua kitabu hatumwi. Aliyeiweka ni mama yake, Bilha, aliyeacha shule mapema kwa sababu kila aliposhika kitabu aliitwa kuteka maji. Nduta alijua kuitumia sheria hiyo. Akisikia lango likilia jioni, alifungua kitabu haraka.

Bilha alichambua mahindi katika ghala moja huko Moi's Bridge. Jumatatu hiyo alirudi na vumbi kichwani, amechoka hata salamu zikamshinda.

"Maji iko?"

"Bado, mama. Mwalimu anataka maoni yetu kuhusu vitabu tulivyosoma kesho."

Ulikuwa uongo. Mwalimu Chepchumba alikuwa amesema Ijumaa, na mwenye maoni bora angeiwakilisha shule kwenye shindano la wasomaji huko Bungoma. Nduta aliitaka safari hiyo kuliko kitu kingine chochote. Basi Bilha akachukua mtungi, akaenda kisimani. Nduta akabaki akimlilia mwanamke wa kitabuni aliyebeba kazi za nyumba nzima peke yake.

Alhamisi jioni maoni yalikuwa tayari. Alimsomea mama yake, aliyekuwa akimenya viazi.

"Nimesoma vitabu viwili kuhusu shida za wanawake. Wengi watawalaumu waume. Mimi nimekasirishwa zaidi na mabinti, waliokaa kitako wakimtazama mama yao akichoka. Mama hakuhitaji kuhurumiwa, alihitaji kusaidiwa."

Kisu kikatulia mkononi mwa Bilha.

"Umeandika vizuri," alisema polepole. "Juzi nilipatana na mwalimu wako pale kisimani. Ati hiyo kazi ni ya Ijumaa."

Nduta alitamani ardhi ipasuke immeze. "Na mbona hukunigombeza, mama?"

"Nimechoka, Nduta. Hata kugombana nimechoka."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kiboko. Aliomba msamaha huku akilia, na safari hii hakuwa akimlilia mtu wa kitabuni. Bilha alimfuta machozi kwa ncha ya leso.

"Soma, mwanangu, sikukatazi. Lakini ukimhurumia mama wa kitabuni, inua macho kidogo umwone wa hapa nyumbani. Kusoma kusikokufanya umwone mtu aliye karibu nawe, hakujakufunza kitu."

Ijumaa Nduta alisimama mbele ya darasa. Alijua kwamba akisema ukweli huenda akaikosa Bungoma. Hata hivyo alisema.

"Nimewalaumu mabinti wa vitabuni. Lakini mimi pia nimekuwa nikifungua kitabu ili nisitumwe maji."

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu Chepchumba hakucheka.

"Nyamazeni," alisema. "Wengine wote mmenieleza kitabu kinasema nini. Huyu peke yake ameniambia kimemfanya nini. Nduta, utaenda Bungoma."

Jioni hiyo Bilha alikuta pipa limejaa na maji ya moto ya kuoga yanamngoja. Alipomaliza, aliketi kwenye kiti akanyoosha miguu.

"Haya, nisomee hicho kitabu. Nataka kumjua huyo mama."

Nduta akafungua kitabu. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, mama yake alikuwa amelala. Nduta alimfunika shuka, akaenda jikoni kusonga ugali.