Rangi Nne za Nyumba ya Waziri Mkuu

Fundi alikuwa mpaka rangi. Mwaka ule alipewa kazi ya kukwangua kuta za nyumba ya Waziri Mkuu, ili zipakwe upya. Waziri Mkuu mwenyewe alikuwa amehamishiwa kwingine kwa muda. Vyumba vilikuwa vitupu, na vumbi lilielea polepole kwenye mwanga wa madirisha.

Chini ya rangi nyeupe Fundi alikuta kijani. Chini ya kijani, manjano. Chini kabisa, buluu. Mtaalamu wa majengo ya kale, mama mmoja mpole, alimweleza kwamba buluu ilikuwa ya mfanyabiashara aliyeijenga nyumba. Manjano ilipakwa nyumba ilipokuwa shule ya wasichana, na kijani ilipogeuzwa hospitali. Nyeupe ililetwa na waziri mkuu wa kwanza. Fundi alikwangua huku akiota mchana kweupe. Alisikia wasichana wakiimba ukutani.

Kila jioni alimpelekea binti yake mdogo, waliyemwita Kidoti, vipande vya rangi mfukoni. Alimsimulia habari za kila rangi mpaka mtoto akasinzia navyo mkononi. Kumbe vingine alivitia mdomoni.

Baada ya wiki kadhaa Kidoti alianza kulalamika tumbo. Akakataa chakula. Mtoto asiyekaa kitako sasa alishinda amelala, na mama yake alikuwa roho juu. Fundi alikwenda kazini mwili tu.

Mtaalamu alimwuliza kulikoni. Fundi akamweleza yote, hata habari za vile vipande. Yule mama akaweka kalamu chini.

"Fundi, rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Ni sumu. Kosa ni letu pia, tulipaswa kuzipima kabla hujaanza. Mpeleke mtoto hospitali leo hii, apimwe damu."

"Nilitaka aione historia, mama."

"Historia msimulie. Vumbi usimpelekee."

Damu ilionyesha risasi. Daktari alianza matibabu mara moja. Vipande viliondolewa, na nyumba yao ikapigwa deki kwa maji. Kazini nako mambo yalibadilika. Fundi na wenzake walilowesha ukuta kabla ya kukwangua na kuvaa barakoa maalumu. Walioga na kubadili nguo kabla ya kurudi kwao.

Miezi ikapita. Kipimo kilionyesha risasi imepungua sana. Jioni moja Kidoti alimaliza chakula chake, akanyoosha mkono kwenye sahani ya baba yake. Fundi akamsogezea yote. Mkewe akatoka nje, akasema anakwenda kuanua nguo. Siku hiyo hakuwa amefua.