Diski Kutoka Stoo ya Galu

Saa tano asubuhi, Ijumaa. Ukunda.

"Tunaingia watu wakiwa msikitini," alisema Kibwana, kinywa kimejaa majani ya muguka.

Chumba cha nyuma cha duka la Mahir, fundi kompyuta, kilinuka jasho. Kibwana alichovya kidole mateni, akachora mezani stoo ya hoteli iliyofungwa kule Galu. Mate ya kijani. Mahir akageuza uso.

"Tunafuata nini?" aliuliza Mwinga, dereva.

"Diski ya kamera ya zamani. Mzungu alificha humo nywila za pesa zake. Mlinzi ni mwanamke mmoja tu."

Saa saba u nusu. Galu.

"Shikamoo, mama," Mahir alijikuta akisema nyuma ya barakoa.

"Marahaba, mwanangu." Mwanapili, yule mlinzi, alitoa funguo. "Chukueni. Msiniumize."

Kibwana alimpiga teke la tumbo hata hivyo. Akacheka.

Saa tisa. Dukani.

Kibwana alimtuma Mwinga nje alinde gari, akarudisha mlango.

Diski ilikuwa ya kizamani, ya plagi pana yenye safu mbili za vijino. Bodi ya kompyuta ya Mahir ilikuwa mpya, haina tundu la plagi hiyo. Akatoa adapta ndogo kama kiberiti. Upande mmoja akaushindilia kwenye vijino, wa pili akauchomeka waya mwembamba wa kisasa. Akawasha. Kompyuta haikuiona diski. Akahamisha kifuniko kidogo cha kupangia diski, kilicho kando ya vijino, akawasha tena. Diski ikakoroma, ikazunguka.

"Tafuta usiku wa Idi," Kibwana alinong'ona. "Nihakikishe ni yenyewe, kisha tuichome."

"Tuichome? Na zile nywila?"

"Tafuta!"

Picha ikaja. Ukumbi wa hoteli. Kibwana, enzi za ujana wake, akisaidiana na Ramadhani, kaka yake Mwinga, kubeba sefu ya pesa. Miaka yote Mwinga aliambiwa kaka yake aliuawa na walinzi kwa marungu. Hapakuwa na mlinzi pale. Kibwana alimpiga Ramadhani nyundo ya kisogo. Akampiga tena. Kisha akampekua mifukoni, akamvua hata viatu.

"Ndiyo yenyewe." Kibwana alitabasamu, meno ya kijani. "Chomoa."

Mahir alimtazama kama mtu anayetazama funza kwenye nyama.

"Mwinga!" akapiga kelele. "Njoo!"

Kisu cha Kibwana kikampasua mkono. Mwinga aliingia mbio, spana ya magurudumu mkononi, akaganda mbele ya kioo cha kompyuta.

"Huyo ni Rama."

"Ndugu yangu, nisikilize..." Kibwana alianza.

Mwinga hakusikiliza. Mahir alifumba macho. Masikio hakuweza kuyafumba.

Kelele zilipokwisha, damu ilikuwa imefika miguu ya meza. Nje gari la polisi lilifunga breki, buti zikashuka, sauti ya Mwanapili ikasema, "Ndilo gari lao," mtu akaamuru duka lizingirwe. Mwinga hakugeuka. Alivuta kiti, akaketi.

"Rudisha nyuma," alisema. "Pale Rama anapotembea."

Mahir akarudisha, kwa mkono uliobaki mzima.