Bei Mpaka Mlangoni

Ukitaka kumjua Esnath, mfuate sokoni Tukuyu siku anaponunua. Usimfuate akiuza ndizi zake, maana akiuza ni mpole. Lakini akinunua, jamani! Muuza dagaa akitaja bei, Esnath anacheka kwanza. Anaweka kikapu chini. Anauliza habari za watoto. Anaondoka kidogo, anarudi. Akimaliza, dagaa wamo kikapuni, na muuzaji ndiye anayesema asante. Wenzake humwita Mama Bei ya Mwisho. Ni mwanamke wa kuvuliwa kofia, na atakayebisha akabishane naye mwenyewe.

Nyumbani kwake Makandana maua yamejaa kuanzia mlangoni hadi njiani. Ameyapanda kwenye makopo ya rangi na madumu yaliyokatwa. Watu wanaokwenda hospitali kuwaona wagonjwa husimama kuyatazama. Nyumba yenyewe haipendezi hivyo. Jiko linavuja, na mvua ya Tukuyu haina likizo. Esnath hupika huku beseni limekinga maji katikati ya jiko.

Siku moja alisimama pale Hellen, mwenye loji mpya mjini.

"Mama, nataka maua kama haya," alisema. "Vyungu arobaini vya kuning'iniza barazani. Vyungu ninavyo. Wewe nijazie, unipandie. Ila visiwe vizito. Fundi anasema ndoano hazitabeba udongo mtupu."

"Utavipata," alijibu Esnath, kabla hajajua atavipataje.

Jioni alimweleza mumewe, Abrahamu. Abrahamu alikuwa ameweka akiba ya kununua mabati ya jiko. Aliitoa kabatini polepole.

"Mama Tulia, hizi ni hela za mabati," alisema. "Nakuamini. Basi zirudi zikiwa mabati."

Esnath alitafuta kwenye simu. Akampata muuzaji wa Dar es Salaam aliyetangaza udongo mwepesi wa maua, umeshachanganywa, tayari kwa kupanda. Mfuko mmoja shilingi elfu kumi na tano. Akampigia.

"Elfu kumi na tano ya udongo, baba? Huku kwetu udongo tunaukanyaga bure!"

"Huu ni maalumu, mama."

"Una watoto wangapi?"

"Wawili, mama."

"Mungu awakuze. Nipe kwa elfu nane."

Walivutana mpaka salio likakaribia kuisha. Mwishowe muuzaji akasema, "Haya mama, elfu kumi, kwa sababu ni wewe. Umenimaliza kabisa!"

Esnath alitamba nyumba nzima. Alituma hela ya mifuko minne. Siku ile alipika wali bila sikukuu.

Mzigo ulipofika stendi, alikwenda kuuchukua akiwa amevaa kitenge kizuri. Karani wa mizigo akamwambia, "Nauli yake ni elfu thelathini na sita, mama."

"Nauli ipi? Si nimeshalipa?"

"Umemlipa mwenye duka. Basi halijalipwa. Na mifuko hii ni mizito kweli, mama yangu."

Esnath alijaribu kupatana naye. Alicheka, akauliza habari za watoto. Karani alicheka naye vizuri tu, kisha akamwonyesha bei za mizigo zilizobandikwa ukutani. Hapo hapakuwa na bei ya mwisho. Akalipa. Akalipa na bodaboda elfu nne za kufikisha mifuko nyumbani. Kwa hiyo usafiri ulikula hela sawasawa na mzigo wenyewe.

Mifuko yote minne ilijaza vyungu kumi tu. Vilibaki thelathini.

Abrahamu alivitazama vile vyungu, akatazama dari ya jiko. Akaenda kumwaga maji ya beseni. Afadhali angegomba! Esnath aliona aibu. Hela za mabati zilikuwa zinayeyuka, na Hellen alikuwa anasubiri.

Kesho yake asubuhi alikuja jirani yao, Mwalimu Modesta, kununua ndizi. Modesta ni mtu wa Bukoba. Tangu alipohamishiwa Tukuyu, vitu vingi vya nyumbani kwake ameviagiza kwa simu.

"Ugonile, mama," alisalimia, maana Kinyakyusa cha salamu amekishika.

"Ndaga, mwalimu. Karibu, ingawa mwenzio sina hali." Esnath akamsimulia yote.

Modesta alichota konzi ya mabaki ya udongo chini ya mfuko, akaukamua. Maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mama Tulia, haya ni nini?"

"Maji."

"Umeyalipia nauli. Yamepanda basi Dar es Salaam, yakaja Tukuyu."

Esnath akageuka kulitazama beseni lililojaa chini ya tundu la dari. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka. Halafu yakawa machozi ya kweli.

"Maji, mwalimu! Mimi nimenunua maji!"

"Usilie, mama. Kupatana umepatana vizuri sana, mimi siwezi hata nusu yako. Ila umepatana bei moja, na bei zilikuwa mbili. Kuna bei ya kitu, na kuna bei ya kukifikisha. Muuzaji anaweza kushusha ya kwanza kwa sababu ya pili haitoki mfukoni mwake."

"Sasa nitajuaje kipi ni rahisi?"

"Usiulize mfuko ni shilingi ngapi. Jiulize: chungu kimoja kikijaa, hapa mlangoni kwako, kimekula shilingi ngapi? Jumlisha vyote, ndipo ugawanye kwa vyungu."

Esnath alifuta macho. Hesabu za hela hazijawahi kumpiga chenga.

"Bei, nauli ya basi, bodaboda," alisema. "Na yale makato ya kutuma hela kwa simu. Elfu themanini na ushee kwa vyungu kumi. Mwe! Kila chungu kimekula zaidi ya elfu nane!"

"Hapo hapo, mama!" alisema Modesta, na macho yake yaling'aa kwa furaha.

Wakashika simu pamoja. Modesta alimwonyesha kokopiti, yaani chenga za makumbi ya nazi zilizokaushwa na kubanwa kama tofali. Ni nyepesi kusafirisha. Ukiitia maji inaumuka. Ukiichanganya nusu kwa nusu na udongo wa shambani na samadi iliyooza, inatosha vyungu vingi.

"Udongo unao, samadi unayo, maji ndiyo usiseme," alisema Modesta. "Nunua kile tu usichokuwa nacho."

Kwa vyungu thelathini yalihitajika matofali mawili. Dar es Salaam tofali lilikuwa elfu kumi na nne. Mbeya, kwenye duka la mbegu na mbolea la kijana mmoja aitwaye Jairo, lilikuwa elfu kumi na saba.

"Dar ni rahisi," alisema Esnath. Kisha akajishika mdomo. "Hapana! Ngoja kwanza!"

Akawapigia wote wawili. Safari hii aliuliza uzito wa tofali, na nauli mpaka stendi ya Tukuyu. Kutoka Dar es Salaam nauli ya mawili ilikuwa elfu kumi na mbili, jumla elfu arobaini. Kutoka Mbeya nauli ilikuwa elfu nne, jumla elfu thelathini na nane. Aliyeonekana ghali ndiye aliyekuwa nafuu.

Mwingine angeishia hapo. Esnath, ahaa! Akampigia Jairo tena.

"Mwanangu, mbegu na mbolea hupeleki Kyela?"

"Napeleka, mama. Gari letu linashuka kila wiki."

"Linapita wapi?"

"Si linapita hapo hapo Tukuyu?"

"Sasa linapita kwangu, halafu unanidai nauli ya basi?"

Modesta aliziba mdomo asicheke kwa sauti.

"Mama, umenishika," alisema Jairo. "Nitakushushia stendi bure."

"Na nitalipa nikishayaona. Yakiwa yamevunjika au yameloa, unarudi nayo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Ndaga fijo, mwanangu, asante sana. Mungu akuzidishie wateja."

Matofali yalifika makavu, mepesi. Esnath alibeba moja kichwani, na jingine akalishika mkononi, akatembea nayo mpaka nyumbani. Bodaboda hakumhitaji. Akaweka tofali moja kwenye beseni, pale pale chini ya tundu la dari, akaendelea kumenya ndizi. Mvua ikaanza. Ndizi hazijaiva, Abrahamu akapiga kelele kutoka mlangoni:

"Mama Tulia! Hili dude linatembea!"

Kokopiti ilikuwa imeumuka, imepanda mpaka ukingoni, inamwagika sakafuni. Abrahamu aliishika, akaitazama, akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya stendi, alitabasamu. Akaenda kuleta koleo na samadi.

Vyungu thelathini vilijaa. Kila kimoja kilikula shilingi elfu moja na kidogo. Maua yalishika, ndoano zikavumilia. Hellen alipoyaona yamening'inia barazani alimkumbatia Esnath mbele ya wageni, akalipa vyote arobaini bila kupunguza hata senti. Yeye naye alikuwa amesikia sifa za Mama Bei ya Mwisho, akaona asijisumbue.

Leo jiko la Esnath lina mabati mapya. Beseni limehamia nje, chini ya ukingo wa paa, linakinga maji ya kuumulia tofali jingine, maana shule mbili zimeagiza maua.

Juzi mvua ilikuwa inapiga mabati hayo, Abrahamu akiota moto kwa raha zake, simu ikaita. Alikuwa yule muuzaji wa Dar es Salaam.

"Mama yangu! Wewe ni mteja wangu mkubwa. Ule udongo, leo nakupa mfuko kwa elfu sita tu!"

Esnath alicheka kwanza. Akaweka mwiko chini.

"Watoto hawajambo, baba?"

"Hawajambo, mama."

"Vizuri. Sasa niambie, mpaka mlangoni kwangu Makandana, ni shilingi ngapi?"

Akaokota mwiko, akaendelea kukoroga akisubiri hesabu. Mvua iliendelea kupiga, juu ya bati.