Hodi kwenye Kibanda cha Jenereta

Siku ya kwanza Hafidhi, fundi wa minara ya simu, alicheka hadi akakohoa. Mzee Dadi, mlinzi wa mnara ule wa Uluguru, alikuwa anapiga hodi kwenye kibanda cha jenereta, na funguo anazo mwenyewe!

"Unamwomba nani ruhusa, mzee? Panya?"

"Mwenye pahala," mzee alijibu, wala hakutabasamu.

Leo hakukuwa na kucheka. Mvua ya siku nne ilikuwa imeporomosha mlima, umeme umekatika, na Mwanaasha, dada yake Hafidhi, amefukiwa jikoni kwake huko bondeni, simu mkononi. Waokoaji walikuwa wakimpigia ili wafuate mlio. Betri za mnara zilibakiza nusu saa. Zikiisha, wangechimba kwa kubahatisha. Hafidhi akausukuma mlango kwa teke. Hodi hakupiga.

Jenereta likawaka, likazima. Akawasha tena, likazima. Mafuta tele! Kisha pua yake ikanasa harufu ya udi, na nyuma ya udi harufu ya pilau, moto kabisa, ndani ya kibanda kisicho na jiko wala mpishi, na kitu kikapumua taratibu kando ya shingo yake hadi nywele zikamsimama, akatoka mbio akiita jina la Mungu.

"Mzee wangu, nimekosa," alinong'ona.

"Umemwingilia mtu kwake. Piga hodi. Ukimaliza, aga."

Simu ikaita. Alikuwa Richard, kiongozi wa waokoaji. "Fundi, mlio unakatikakatika! Fanya hima!"

Hafidhi aliogopa, aliogopa kweli. Akasogea mlangoni.

"Hodi. Hodi. Hodi."

"Karibu, mgeni," sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani, laini.

Mzee Dadi alimshika mkono; miaka yote ya kupiga hodi, yeye hajawahi kuitikiwa. Hafidhi akajinasua, akaingia. Jenereta likawaka kwa mguso mmoja, likanguruma bila kusita. Dakika kumi baadaye Richard alipiga tena. "Tumempata! Mzima! Anakuulizia!"

Hafidhi akalia kama mtoto. Akafuta machozi, akakumbuka kuaga.

"Ahsante, mama. Naomba kuondoka."

Nyuma yake sinia likatuliwa sakafuni. Mlango ukajifunga polepole, na kule nje Mzee Dadi akaanza kuugonga kwa ngumi zote mbili.

"Uondoke vipi, mwanangu," sauti ikasema, "na hujala?"