Nguruwe Sita na Ndoo ya Profesa

Hakuna mtu chini ya jua anayemjua jasusi Kimya kuliko mimi. Namjua kuanzia unyayo hadi utosi, na siri zake zote ziko kiganjani mwangu.

Haya, nilimwona mara moja tu. Kwa nyuma. Lakini ulikuwa mgongo wenye hasira, na mgongo wenye hasira huropoka mengi.

Twende kazi.

Yamaha ilikata kona nusura ilale chini. Mbele yake lori jeupe lilitimua vumbi kuelekea uwanja mdogo wa ndege. Kimya alijilaza juu ya tangi la mafuta. Bastola aina ya Beretta kwapani. Ray-Ban usoni. Mfukoni kalamu isiyoandika hata herufi moja, ila hutema sindano ya usingizi.

Na nyuma yake, kwenye kiti cha abiria, ndoo ya bati iliyofungwa kwa mpira.

Ndiyo, ndoo. Usicheke bado.

Redio ikakoroma sikioni.

"Kimya, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu."

"Mzigo unauona?"

"Nauona, nausikia na naunusa."

"Ndege ikiruka na hao nguruwe, usirudi ofisini."

"Nina ruhusa ya kupiga risasi?"

"Ukimgusa nguruwe hata mmoja, bandani utaingia wewe."

Redio ikakatika.

Kimya akasonya. Alizoea kukimbiza dhahabu na bunduki za magendo, vitu vya heshima. Alipoambiwa alfajiri kwamba safari hii ni nguruwe, aliona ametukanwa. Ila hapo alikuwa bado hajakutana na Profesa.

Alimkuta kwenye kituo cha utafiti, mama mmoja mfupi mwenye gamboti, amesimama katikati ya banda tupu. Nyuma yake chumba cha friza kilikuwa bado kinafuka moshi. Vidole vyake vilikuwa vya kijani hadi ndani ya kucha. Hakuwa akilia. Alikuwa akitetemeka kama sufuria inayochemka huku kifuniko kimekandamizwa.

"Wewe ndiye jasusi?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mwembamba hivyo? Sikiliza, maana nyie watu wa bastola mnapenda kurukaruka. Maisha yangu yote nimefanya kazi moja. Napima kinachoingia mdomoni mwa nguruwe, halafu napima kinachotoka nyuma. Kilichopungua hapo katikati ndicho mwili umekitumia. Kingine chote ni kujaza tumbo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi kwa kazi hiyo wameniita Mama Mavi. Kwenye mikutano. Kwenye korido. Kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe, mshereheshaji kanitambulisha hivyo, watu wakapiga makofi! Nikarudi bandani."

Akaupiga teke mlango wa banda.

"Nguruwe wangu sita wana vijidudu tumboni nilivyovilea tangu kwa mabibi zao. Vinasaga magunzi ya mahindi. Magunzi, kijana! Kitu watu wanawashia moto! Mfugaji akipata vijidudu hivi, hanunui tena chakula cha mifuko kutoka ng'ambo. Akiba niliiweka kwenye friza, wameichoma. Iliyobaki iko ndani ya matumbo sita, na matumbo hayo yako kwenye lori."

"Nani anawataka?"

"Wenye mifuko yao. Wakiwafikisha kwao watawachinja, na kazi yangu itazikwa kama haikuwahi kuwapo."

"Na geti alilifungua nani?"

Profesa akatema mate. "Mwenye ufunguo. Naibu Mkurugenzi wetu."

Kimya akavitazama vile vidole. "Na hiyo rangi?"

"Unga wa alama. Nauchanganya na chakula chao kila siku. Mwili hauugusi hata chembe, unavyoingia ndivyo unavyotoka. Bila huo hakuna kipimo. Ila ukikushika nguoni umeumia, hautoki kwa sabuni wala kwa maombi." Akaiokota ndoo sakafuni na kumsukumia kifuani. "Chukua. Wewe watakuuma, hii hawaiumi. Ndiyo ninayowaamshia kila asubuhi. Mapigo mawili ya taratibu, halafu mengi ya haraka. Usije ukakosea."

Jasusi mzima, mwenye kamera ndani ya kifungo cha shati, akaondoka na ndoo.

Sasa lori lilikuwa limesimama chini ya bawa la ndege. Kimya aliiangusha Yamaha nyuma ya mapipa ya mafuta, akaifungua ndoo na kukimbia ameinama.

Mlinzi wa kwanza akageuka. Mkono ukaenda kiunoni.

Tsss.

Akaanguka kama gunia la pumba.

Wa pili alikuwa jitu la miraba minne. Sindano zilikuwa zimekwisha, kwa kuwa serikali hutoa moja kwa kila kalamu, kubana matumizi. Kimya akamzungushia ndoo.

Paa!

Jitu likakaa chini taratibu, likawaza maisha yake. Ndoo ikabonyea ubavu.

"Nani anapiga watu uwanjani kwangu?"

Alikuwa Inspekta wa uwanja, tumbo mbele, na askari wawili nyuma. Kimya akaonyesha kitambulisho.

"Afande, hao nguruwe ni mali ya kituo cha utafiti. Wameibwa."

"Uongo mtupu!"

Naibu Mkurugenzi alitokea nyuma ya lori, leso puani, viatu vinang'aa kama vimetoka dukani. Kando yake alisimama mgeni mrefu mwenye Rolex ya dhahabu. Tumwite Bwana Saa, kwani kazi yake yote hapo ilikuwa kutazama saa na kutabasamu.

"Inspekta, kibali umekiona," Naibu akasema. "Hawa nimewanunua kwa mfugaji mmoja kule milimani wiki iliyopita, kwa hela yangu. Nguruwe wa kituo siwajui hata kwa sura. Huyu bwana amechanganyikiwa."

Kimya akachungulia ndani ya lori. Nguruwe sita walilala wamebanana juu ya mbao zilizooshwa zikatakata. Vibati vya masikioni vilikuwa vimeng'olewa. Masikio bado yalivuja damu.

Hapo ndipo Kimya naye akakasirika. Hasira ya kweli, si ile ya kazini.

"Kibali kiko sawa, afande," Inspekta akasema kwa unyonge. "Bila ushahidi siwezi kuzuia ndege."

Rubani akawasha injini. Bwana Saa akatazama saa.

Kimya akatoa Nokia yake, akabonyeza kipaza sauti.

"Mama, nimewapata. Naibu anasema ni wake, kawanunua milimani."

"Anasema nini?"

Sauti ilishinda injini. Naibu akashusha leso.

"Lori liko safi?" Profesa akauliza.

"Limeoshwa, mama."

"Basi piga ndoo. Nguruwe wangu wakiamka, kitu cha kwanza ni haja, cha pili ni chakula. Inspekta yupo? Mwambie asogee atazame. Piga!"

Kimya akapiga. Taa... taa... tatata.

Nguruwe mmoja akatikisa sikio. Akalala tena.

"Hiyo nini?" Profesa akafoka. "Unapiga kama mtu anayeomba radhi!"

"Imebonyea, mama, kuna jitu lilikuwa—"

"Mimi nimepiga ndoo hiyo nikiwa na homa, nikiwa na mimba, nikiwa na matanga nyumbani! Piga kwa hasira!"

Kimya akavuta pumzi. Akayafikiria yale masikio. Akapiga upande mzima kwa kitako cha Beretta, mwenyewe meno kayauma.

TAA! TAA! Tatatatatata!

Nguruwe sita wakainuka kwa mpigo mmoja. Wakapiga kelele za kudai kifungua kinywa. Wakamgeuzia Naibu migongo, wakainua mikia.

Kilichofuata mtu mwenye adabu huita kinyesi. Kilitoka kwa haraka na kwa wingi, kikamwagika ukingoni mwa lori hadi kwenye vile viatu vilivyong'aa.

Kilikuwa cha kijani. Kijani cha mlango uliopakwa rangi jana.

Inspekta akainama. Akainuka. "Mimi nimefuga nguruwe tangu utoto. Hii sijapata kuona."

"Wa-wamekula majani," Naibu akasema. "Huko milimani. Majani mengi."

Profesa alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini, na ilitisha kuliko zile kelele.

"Naibu. Rangi hiyo ni ya unga wangu wa alama, haioti milimani. Kila utafiti wangu uliotoka, jina lako limetangulia langu. Umepanda ndege kwa kazi yangu, umevishwa nishani kwa kazi yangu. Na hadi leo hujui mavi ya nguruwe wangu ni ya rangi gani?"

Naibu akainama kufuta viatu kwa leso.

Bwana Saa alikuwa ameanza kupanda ngazi ya ndege. Ndoo iliruka ikampata kisogoni. Akashuka ngazi kwa makalio.

"Pingu," Inspekta akawaambia askari wake. "Na huyo rubani azime hiyo feni."

Kimya akaiokota ndoo. Akaiweka sawa Ray-Ban.

"Mkuu."

"Sema."

"Wako salama, wote sita."

"Risasi ngapi?"

"Hakuna."

"Umewashindaje?"

"Waulize nguruwe."

Akaondoka taratibu, mkono mmoja mfukoni, hakugeuka nyuma. Huo ndio mgongo nilioutaja.

Jioni alifika nyumbani. Suti ya akiba kaivaa, nywele kachana, begi la vitabu vya bima mkononi, kwa maana mkewe anaamini hadi kesho kwamba mumewe anauza bima. Mke alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, simu zangu hupokei. Ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni, mke wangu. Bima. Tumekaa kitini tangu asubuhi, hata dirishani sikusogea."

"Kitini?"

"Kitini."

"Ofisini?"

"Haki ya Mungu."

Mke alitazama chini. Suti Kimya alikuwa amebadilisha. Viatu alikuwa amesahau. Na kutoka getini, juu ya sakafu aliyotoka kuipiga deki, nyayo za kijani zilikuja moja baada ya nyingine, zikakomea alipokuwa amesimama mumewe.