Hamira Iliyokataa Kuamka

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi yake: kuamsha hamira. Jina hilo la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, na likamganda hata mwalimu mkuu akalizoea.

Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa mwoka mikate. Chumba cha nyuma cha nyumba yao kilikuwa na tanuri la matofali, meza ndefu iliyolainika kwa kukandiwa unga, na magunia yaliyopangwa juu ya mbao ili yasishike unyevu. Siku moja, kama kawaida, shangazi ndiye aliyepima maji. Aliyamimina kwenye bakuli, akachovya kiganja, akangoja, akachovya tena. Chiriku alinyunyiza sukari na hamira, kisha akafunika kwa kitambaa.

"Shangazi, mbona tunangoja maji yapoe? Watu wanataka mikate."

"Maji yakikuunguza wewe, yataiunguza na hamira."

"Hamira nayo inaungua? Ina ngozi?"

"Sijui kama ina ngozi. Najua mama yangu alinifundisha hivyo, na mikate yake iliumuka. Haya, funika, mdomo nao ufunike!"

Chiriku alicheka. Moyoni aliamini kwamba shangazi alipoza maji ili asiungue mikono wakati wa kukanda.

Alikuwa ameanza sekondari muhula ule, na asubuhi hiyo darasa lao lilikuwa na somo la kwanza la biolojia. Mwalimu wa biolojia alikuwa mama mwembamba, mpole wa sauti, kiasi kwamba wanafunzi wa nyuma walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Aliweka mezani jiwe, maharage makavu, gari dogo la betri na kikombe chenye punje ndogo za rangi ya mchanga. Pembeni aliweka sanduku la mbao. Chiriku alilijua sanduku lile. Ndani yake mlikuwa na hadubini ya shule, moja tu, chombo cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Tangu siku ya kwanza alipoiona kupitia dirisha la maabara, alitamani kuchungulia ndani yake kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

"Vipi kati ya hivi vina uhai?" mwalimu aliuliza.

"Gari!" alipaza sauti kijana mmoja mwenye miwani, ambaye wenzake walimwita Profesa. "Linatembea, linakula betri, na kelele zake zinamzidi Chiriku."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu. "Na je, linakua? Linazaa?"

"Lingezaa, mwalimu, ningefungua duka," Profesa akajibu.

Taratibu, swali kwa swali, waliandika ubaoni mambo yanayotambulisha kiumbe hai: hujilisha, hupumua, hukua, huzaa, hutoa taka mwilini, huhisi na hujongea. Jiwe likaanguka mtihani huo mapema. Gari likafuata. Maharage yalizua ubishi mpaka mwalimu akasema yatapandwa na kungojwa. Kikabaki kikombe.

"Hiyo ni hamira," Chiriku akadakia. "Nyumbani tunayo mikebe na mikebe. Ni unga tu, mwalimu. Haina uhai hata chembe."

Mwalimu alikisogeza kikombe mbele yao. "Msiniulize mimi. Iulizeni hamira yenyewe."

Kila kundi lilipewa chupa, sukari, kijiko cha hamira na puto la kuvalisha mdomo wa chupa. Ikiwa hamira ni hai, mwalimu alieleza, itajilisha kwa sukari, itatoa hewa, na puto litajaa. Maji ya moto yalikuwa kwenye birika na ya baridi kwenye ndoo. Wayachanganye yawe ya vuguvugu. "Kundi litakalonieleza vizuri lilichokiona," akaongeza, akigusa sanduku, "ndilo litakalotangulia kwenye hadubini."

Chiriku alikuwa na Profesa na msichana mmoja mpole aliyeitwa Kimya. Alinyakua birika, akamimina maji yaliyokuwa bado yanatokota moja kwa moja ndani ya chupa.

"Mwalimu amesema tuchanganye," Kimya akanong'ona.

"Nyumbani tunapoza kwa sababu ya mikono ya shangazi. Humu nani anatia mkono? Yakizidi moto, kazi itakwenda mbio."

Wakangoja. Chupa za jirani zikaanza kutoa povu. Puto moja likainuka kidogo, likayumba, likasimama. Jingine likafuata. La kwao lilining'inia kama sikio la mbuzi.

"Limenuna," Profesa akasema.

"Subiri."

Walisubiri mpaka makundi mengine yote yakawa yanashangilia. Profesa akatazama huku na huku, akainamisha kichwa. "Sikiliza, Chiriku. Wewe una pumzi kuliko sisi wote. Livue, lipulize kidogo, ulirudishe. Nani atajua?"

Chiriku alitazama sanduku la mbao. Kisha akalivua puto na kulileta midomoni.

Hapo harufu ikamfikia kutoka chupa ya jirani, harufu ya chumba cha nyuma alfajiri. Akaona kiganja cha shangazi ndani ya bakuli, kikichovya, kikingoja. Maji yakikuunguza wewe, yataiunguza na hamira. Si mikono ya shangazi iliyokuwa ikihurumiwa!

Alilishusha puto. "Sipulizi."

"Basi hadubini tuisahau," Profesa akalalamika.

"Tuisahau." Chiriku akaliweka puto mezani. Akainua mkono. "Mwalimu, puto letu halikujaa. Nadhani... nadhani tumeiua hamira. Mimi ndiye niliyeimwagia maji yanayochemka."

Darasa zima liligeuka. Mtu mmoja akaguna, "Leo Chiriku kanyolewa bila maji!"

Mwalimu alikuja taratibu, akaishika chupa. Macho yake yalikuwa yaking'aa. "Umesema mmeiua. Mwanzoni ulisema haina uhai. Je, kisicho hai kinaweza kufa?"

Chiriku aliitazama chupa, kisha orodha iliyokuwa ubaoni.

"Ila umesema 'nadhani'," mwalimu akaendelea. "Tufanyeje ili tujue?"

Kimya ndiye aliyejibu, na darasa likashangaa kuisikia sauti yake. "Tuanze upya na chupa nyingine. Hamira ile ile, sukari ile ile, tubadilishe maji tu. Tuziweke bega kwa bega."

Walifanya hivyo wakati wa mapumziko, wakaacha kwenda kucheza. Safari hii Chiriku alichovya kiganja, akangoja, akachovya tena. Walipoitwa kurudi darasani puto la chupa mpya lilikuwa limesimama wima, na la chupa ya kwanza bado limenuna vile vile.

Mwalimu alifungua sanduku. "Chupa mbili za kundi hili zimetufundisha zaidi ya puto lililojaa. Kosa lao ni lao, lakini wangelificha, tungelipoteza somo. Wanangu, biolojia haihitaji kwanza watu wenye akili nyingi. Inataka mtu atazame bila pupa, kisha aseme alichokiona, hata kama hakimpendezi. Njooni."

Chiriku aliinama kwenye hadubini. Mwanzoni aliona ukungu tu. Mwalimu akazungusha kitufe, na ghafla vikatokea viduara vingi, vimebanana kama watu sokoni. Baadhi yake vilikuwa na vijiduara vidogo vilivyochomoza ubavuni.

"Vile vidogo ni nini, mwalimu?"

"Watoto. Hamira ni jamaa ya uyoga. Inazaa kwa kuchipua."

Jioni Chiriku alimsimulia shangazi yote, mpaka ile sehemu ya puto midomoni. Shangazi alisikiliza huku mikono yake ikiwa imetulia mezani.

"Kumbe wako hai," akasema mwishowe. "Mama aliniachia desturi, wewe umeniletea sababu yake. Ahsante, mwanangu." Akafikiri kidogo. "Na tanurini je?"

"Tanurini wanakufa, shangazi. Lakini mkate huwa umekwisha kuumuka."

Shangazi aliutazama mkebe wa hamira kana kwamba ameletewa mgeni. "Ada yako ya shule, sare yako, paa hili, vyote vimetoka kwao, na hatujawahi kuwashukuru. Basi tangu leo tuwatendee kwa upole. Kiumbe hata akiwa mdogo usimwone, ukimfanyia pupa unajinyima mwenyewe."

Kesho yake alfajiri, shangazi alimsogezea bakuli. "Leo pima wewe."

Chiriku alichovya kiganja, akangoja maji yapoe. Akachovya tena. Alinyunyiza sukari, akanyunyiza hamira, na kabla ya kufunika kitambaa akainama karibu na bakuli.

"Ahsanteni," alinong'ona. "Amkeni polepole."